Acha Kuongeza Hamira, Tafuta Penye Chupa Inavuja

Wasee, leo tuongee ukweli. Kuna jibu moja ambalo kila mtu anayefuga samaki na mimea ya majini, kuanzia Maua mpaka Embu mjini, amewahi kupewa, na mimi nimechoka nalo kabisa. "Ongeza hamira." Chupa haitoi viputo? Ongeza hamira. Viputo vilikuja siku mbili vikapotea? Ongeza hamira. Asubuhi umekuta samaki wote wako juu wanahema? Hapo utaambiwa hamira ilikuwa mbaya, nunua ingine, na ikikataa basi achana na mambo ya chupa, utafute mtungi wa chuma na regyuleta yake kama watu wa maana.

Hakuna anayekuuliza swali hata moja kwanza. Fundi wa bodaboda pale Makutano ukimpelekea pikipiki imezima, ataangalia petroli, ataangalia plagi, ndio aguse injini. Sisi tunaanza na injini. Halafu kijana ambaye alinunua tangi lake la kwanza kwa pesa ya vibarua anamaliza sukari ya nyumba, anagombana na mamake, anapoteza samaki, anaacha kabisa. Nimeona hiyo ikitokea kwa watu wengi wanaoniandikia. Na mara nyingi sana shida ilikuwa tundu dogo kwenye kifuniko.

Kwa wale wageni wa hii kitu, mambo ni haya. Mimea ya ndani ya maji inahitaji kaboni dioksidi kama mahindi yako yanavyohitaji, ila ndani ya maji yaliyotulia hiyo gesi ni kidogo mno, chini ya miligramu 1 kwa lita. Wanaofuga mimea ya kupendeza hulenga kama miligramu 20 hadi 30. Wenye pesa wanatumia mtungi. Sisi wengine tunachukua chupa ya soda ya lita 2, tunaweka maji lita moja na nusu, sukari, na hamira kidogo ya mkate. Hamira inakula sukari, inatoa pombe na gesi, na gesi inapita kwenye mrija mpaka ndani ya tangi. Basi.

Sasa piga hesabu na mimi, kwa sababu hesabu ndiyo inaua huu uongo. Kikombe cha sukari ni kama gramu 200. Hizo gramu 200 zikiliwa zote, zinatoa karibu gramu 100 za kaboni dioksidi. Hiyo ni zaidi ya lita 50 za gesi, kutoka kwa kikombe kimoja! Hata ukiweka hamira mara kumi, gesi haitaongezeka hata kidogo, kwa sababu gesi inatoka kwa sukari. Hamira inaamua kasi tu. Sukari ni mshahara, hamira ni mkono wa kuutumia. Ukiongeza hamira, umeamua mshahara uishe tarehe tano.

Na usiniambie basi utaongeza sukari. Gramu 200 ndani ya lita moja na nusu zikiisha, hayo maji yana pombe kama asilimia 9. Hamira ya mkate ikifika asilimia kumi na kitu inaanza kufa kwa pombe yake yenyewe. Kwa hivyo yule anayekwambia utie nusu kilo ili chupa ikae mwezi mzima anakutupia pesa. Sehemu kubwa ya hiyo sukari itabaki pale chini, tamu, haijaguswa, na hamira imekufa juu yake. Mwaka 2023 sukari ilipita shilingi 200 kwa kilo. Mtu akupe ushauri kama huo na wewe unapima sukari ya chai kwa kijiko? Hapana bana.

Kama gesi ipo, na hesabu inasema ipo, swali la kwanza ni moja tu. Imeenda wapi?

Bonyeza chupa. Siku mbili baada ya kuchanganya, shika chupa uibonyeze kwa vidole. Ikiwa ngumu kama soda mpya ya dukani, gesi iko ndani lakini njia imeziba: mrija umejikunja, au lile jiwe la hewa limejaa uchafu. Ikiwa laini, kuna mawili. Ama inavuja, ama hamira haifanyi kazi. Kujua ni gani, toa mwisho wa mrija uuzibe kwa kidole, tumbukiza kifuniko na shingo ya chupa ndani ya beseni la maji, ubonyeze polepole. Viputo vitatoka penye panavuja na utaviona kwa macho yako. Kama huna beseni, paka povu la sabuni ya kuosha vyombo kwenye kila maungio. Dakika mbili. Hakuna mtu amewahi kunitumia video ya hiyo dakika mbili kabla ya kuongeza hamira.

Kwa nini kifuniko ndicho kinavuja karibu kila mara? Kwa sababu ya hii mitindo ya kutoboa na msumari wa moto, halafu unajaza gundi. Plastiki ya vifuniko vya soda ni ya aina ambayo gundi haishiki vizuri. Gundi ya moto inaweza kukaa siku tatu, inabanduka kimya kimya na wewe huoni kitu. Silikoni pia ni hivyo hivyo. Dawa ni kutotegemea gundi. Toboa tundu dogo kuliko mrija, kwa drili kama kuna fundi jirani, kata ncha ya mrija kwa mshazari kama sindano, ipitishe, halafu uivute kutoka upande wa pili na plaisi. Mrija unajibana wenyewe na tundu linajifunga. Ukiwa na wasiwasi pakaa gundi juu kama nyongeza, ila kazi imeshafanywa na mbano.

Watu wengi hapa wanatumia mrija wa dripu kutoka kemisti, na ni wazo zuri sana. Ni wa bei nafuu, na kile kichupa chake cha matone ukikitia maji kidogo unahesabu viputo kwa sekunde. Lakini kuna kile kigurudumu cha kubana. Tafadhali, kisikuje karibu na akili yako kama vali. Mtungi wa chuma unafungwa, hamira haifungwi. Ukibana mrija usiku ati unapunguza gesi, hamira inaendelea kula huko ndani na presha inapanda mpaka kitu kiachie, na ukiwa na bahati kitakachoachia ni mrija. Toa hicho kigurudumu utupe. Na tumia chupa ya soda, ile ambayo imetengenezewa presha. Sio ya maji, sio ya juisi, na ya kioo hata usiifikirie ndani ya nyumba yenye watoto.

Beseni likikuonyesha hakuna mvujo na chupa bado ni laini, sasa ndio tuongee kuhusu hamira. Hata hapo usiongeze. Fungua, chovya kidole, weka tone kwenye ulimi. Si kunywa, ni kuonja. Kama maji ni makali na hayana utamu, sukari imeisha, chupa ilifanya kazi yake, changanya mpya. Kama bado ni matamu sana, hamira ilikufa au haikuwahi kuwa hai. Wengi wanaiua wenyewe kwa maji yaliyotoka kwa sufuria saa hiyo hiyo. Maji yawe ya uvuguvugu wa kuogesha mtoto. Na jaribu hamira kabla: weka kwenye kikombe cha maji hayo na sukari kidogo, subiri dakika kumi. Ikipanda povu iko hai. Mtu yeyote anayepika mahamri anajua hii. Mbona tunajifanya ni sayansi ya wazungu?

Halafu kuna hii ambayo hucheka nikiisoma lakini inauma. Umeenda dukani, ukaomba "ile ya kufura mkate," ukapewa baking powder. Hiyo ukiitia kwenye maji inafanya fujo ya dakika chache halafu kwisha. Haina kiumbe ndani, ni unga tu. Hakuna mvujo, hakuna kosa la chupa. Soma paketi.

Sasa nije kwa ile kitu inanikasirisha zaidi. Resipe.

Mtu ameketi nyumba ya joto la nyuzi 25 mchana na usiku huko ng'ambo, ametoa kipimo chake, na kila mtu hapa anakinakili mpaka nukta ya mwisho. Hamira ni kiumbe hai. Joto likipanda nyuzi 10, kasi yake inakaribia kuongezeka maradufu, mpaka joto liizidi. Sasa nionyeshe resipe moja inayofaa Timau na Siakago. Timau kule ngano inalimwa, Julai watu wanalala na blanketi mbili, chupa sakafuni inaganda kwa baridi. Siakago na Kiritiri, nchi ya muguka na ndengu, chupa hiyo hiyo saa nane mchana inachemka povu mpaka linapanda kwenye mrija na kumwagika ndani ya tangi. Yule wa Timau atakwambia hii kitu haifanyi kazi. Yule wa Kiritiri atakwambia inaua samaki. Wote wamefuata kipimo kilekile, na wote wameambiwa waongeze hamira! Wa Kiritiri akiongeza, anajitafutia msiba.

Ukiwa sehemu za baridi, shida yako ni joto. Weka chupa nyuma ya friji, au kwenye rafu karibu na jiko lakini mbali na moto, au ndani ya ndoo ya maji yenye hita ndogo ya akwariamu kama unayo. Hapo unaweza kuruhusiwa kijiko nusu cha chai cha hamira. Pia weka vali ya njia moja kwenye mrija, kwa sababu usiku chupa ikipoa gesi inasinyaa, maji ya tangi yanavutwa kurudi nyuma, na chupa ikiwa chini ya tangi utaamka na mafuriko. Ukiwa sehemu za joto, robo kijiko inatosha na hata chini yake, acha nafasi kubwa juu ya maji ndani ya chupa, na upitishe gesi kwenye chupa ya pili ndogo yenye maji ili povu libaki hapo. Ile chupa ya pili watu wanaiona ni urembo. Ndiyo inazuia pombe na hamira kuingia kwa samaki na kugeuza tangi kuwa uji.

Na tusijifanye hatukujua. Wazee wa huku, Ameru na Aembu, wametengeneza muratina tangu zamani, kwa asali na lile tunda la muratina lenyewe, na kibuyu kiliwekwa karibu na moto. Hakuna aliyewapa kipimajoto. Walijua bila joto hakuna kitu kitaamka mle ndani. Nenda umuulize babu yako kwa nini kibuyu hakikuwekwa nje kwa umande, atakupa somo kuliko video zangu zote. (Lakini mweleze kwanza ni ya samaki. Baada ya ule msako wa pombe haramu wa 2024, chupa mbili za maji ya povu chini ya kitanda cha kijana si kitu cha kuacha mama agundue peke yake.)

Tufike kwa samaki sasa, maana hapa ndipo "ongeza hamira" inakuwa ukatili.

Taa zikizimwa usiku mimea inaacha kutumia kaboni dioksidi. Inaanza kupumua kama sisi, inakula oksijeni na kutoa gesi ileile. Chupa nayo haijui ni usiku. Inaendelea kumimina. Kwa hivyo alfajiri ndipo gesi iko juu kabisa na oksijeni iko chini kabisa. Ongeza hapo mwinuko wetu: maji ya Meru mjini yanashika oksijeni kidogo kuliko maji ya Mombasa ya joto lilelile, tofauti ya zaidi ya sehemu moja kwa kumi, kwa sababu tu tuko juu mlimani. Stima ikipotea usiku, filta inasimama, uso wa maji unatulia kama kioo, na chupa bado inamimina. Kumbuka ule usiku wa 25 Agosti 2023, nchi nzima iliingia giza kwa masaa mengi. Mwenye mtungi na vali ya umeme, gesi yake ilijifunga yenyewe. Mwenye chupa ilibidi aamke atoe mrija ndani ya maji.

Ndio, utoe. Hiyo ndiyo njia ya kuzima. Kila jioni taa zikizimwa, toa mwisho wa mrija nje ya tangi, acha gesi iende hewani, washa pampu ya hewa. Asubuhi rudisha, zima pampu. Ni kazi ya sekunde kumi. Na nimesema zima pampu mchana, kwa sababu kuna wengi wanaoingiza gesi kwa mkono mmoja na kuifukuza kwa mwingine. Pampu ya hewa ikivuruga uso wa maji siku nzima, kaboni dioksidi yote inatoka. Halafu mtu huyohuyo anasema chupa yake haina nguvu! Pia usitegemee lile jiwe la hewa la kawaida, viputo vyake ni vikubwa, vinapanda juu na kupasuka kabla maji hayajanywa kitu. Elekeza mrija kwenye mdomo wa filta ili mapanga yake yasage viputo, au finika kikopo kidogo cha plastiki chini ya maji kama kengele na gesi ikusanyike humo, iyeyuke polepole.

Maji yenyewe pia uyajue. Haya yanayoshuka kutoka Mlima Kenya ni laini, yana madini kidogo. Maji laini hayana breki, gesi kidogo tu na pH inashuka kwa kasi. Watu wanatumia hesabu hii: kaboni dioksidi ni 3 mara ugumu wa kaboneti mara 10 kwa kipeo cha 7 toa pH. Ukiwa na ugumu wa digrii 4 na pH 6.6, una kama miligramu 30, pazuri. Ukiwa na ugumu wa digrii 1 na pH ileile 6.6, una kama 7 na nusu tu. Kwa hivyo mtu akikwambia "fikisha 6.6" bila kuuliza maji yako yanatoka wapi, huyo anakubahatishia. Anayeteka mto unaotoka msituni na anayeteka kisima kule chini Mbeere hawana maji ya aina moja. Na samaki ndiye kipimo cha mwisho. Akianza kuhema juu ya maji, toa mrija kwanza, hesabu baadaye.

Kuna watakaosema natetea kitu ya watoto. Chupa si ya kila tangi, nakubali. Tangi likipita lita 100 utachoka na chupa, hapo mtungi unastahili pesa yake. Kwa lita 40 au 60, chupa mbili zinazopishana wiki moja zinakaza vizuri kabisa: hii ikififia ile iko katikati ya nguvu yake, na gesi haipandi na kushuka ovyo. Mwani unapenda sana huko kupanda na kushuka.

Na wengine wenu hamhitaji chupa hata moja. Ukifuga Anubias na Java fern chini ya balbu moja hafifu, gesi utakayoleta haina wa kuitumia. Mkulima wa Runyenjes hatii CAN kwenye mahindi wakati wa kiangazi. Anangoja mvua, kwa sababu mbolea bila maji ni pesa imemwagwa. Kwako wewe mvua ni taa. Weka taa ya maana masaa 7 au 8 kwa siku, angalia kama mimea inakua haraka na inaanza kukosa kitu, ndio uniulize habari za chupa.

Kwa wale wanaouza: siwataji majina na sitawataja. Lakini kijana akija na chupa yake laini mkononi, anataka kununua paketi ya tatu ya hamira kwa wiki moja, mna beseni pale dukani. Mna maji. Tumbukizeni kile kifuniko mbele yake. Mtapoteza shilingi chache za hamira siku hiyo, na mwezi ujao atarudi kununua samaki, kwa sababu wale wa kwanza watakuwa hai na atataka kuwaongezea wenzao.

Yale maji yaliyobaki kwenye chupa ikiisha, usinywe na usimwage mtoni. Mwaga kwenye shimo la mbolea nyuma ya nyumba. Halafu osha chupa, pima sukari kikombe kimoja, na kabla ya kufunga kifuniko, hakikisha umesoma paketi.